Td ya kliniki iko na kifaduro ndani ama la? (niko wiki ya 29)

MamaWawiliNax
Hamjambo wote. Niko Kiamunyi, mimba ya tatu, wiki ya 29 sa hii. Wifi yangu ako Leeds aliniuliza jana kwa simu kama nimeshadungwa ya kifaduro, nikamwambia nimedungwa kliniki ya pepopunda, akasema apana hiyo ni ingine, yeye alidungwa ya kifaduro akiwa wiki 20 na wakamwambia akishika mimba ingine atadungwa tena. Nimeangalia kitabu changu cha kliniki, imeandikwa Td na tarehe, basi. Sasa hiyo Td iko na kifaduro ama haina? Na nikitafuta hiyo ya wifi haitaumiza mtoto? Juu jirani ananiambia sindano mbili mbili zinachokesha mtoto tumboni na mimi si daktari siwezi bishana.

Nesi_wa_Kondele
Dada, Td ni pepopunda na dondakoo, kwisha. Yenye wifi anasema ni Tdap, ni hizo mbili ukiongeza kifaduro. Kliniki zetu za serikali mjamzito anapewa Td, Tdap utaitafuta praivet, na upige simu kwanza uulize kama wanayo usije ukachoma nauli bure.

Sababu yake iko hivi. Mtoto anaanza kukingwa kifaduro na ile pentavalent, sindano yake ya magonjwa matano, ya wiki 6, halafu 10, halafu 14. Kabla ya hapo hana kitu, na huo ndio umri kifaduro inaua. Ukidungwa wewe, mwili wako unatengeneza antibodi, yaani askari wa kupigana na ugonjwa, kwa kama wiki mbili, kondo la nyuma linazipitisha kwa mtoto, sanasana ile miezi mitatu ya mwisho, anazaliwa nazo tayari. Marekani wanasema wiki 27 hadi 36. Uingereza walianza 2012 wakati kifaduro ilikuwa imelipuka kwao, wakidunga kuanzia wiki 28, 2016 wakashusha hadi 16. Na hizo antibodi zako hushuka haraka, ndio maana unadungwa kila mimba.

Kuumiza mtoto: haina kidudu hai, ni vipande vya bakteria vilivyosafishwa. Uingereza waliangalia wamama karibu 20,000 waliodungwa, watoto kufia tumboni hakukuongezeka, na watoto wa chini ya miezi 3 tisa kwa kumi hivi walikingwa. Wewe utaumwa mkono, labda kahoma siku moja. Kuna utafiti wa Marekani uliona maambukizi ya utando wa mimba yamepanda kidogo sana, lakini kuzaa kabla ya siku hakukupanda. Nakwambia mapema juu utaipata Google saa saba usiku ukose usingizi.

mkulima_wa_Njoro
Sina ubaya na sindano lakini mnakumbuka 2014 maaskofu Wakatoliki walisema ile ya pepopunda imewekwa kitu ya kuzuia uzazi? Bibi yangu alikataa kliniki kabisa. Sasa tuamini ingine tena?

Nesi_wa_Kondele
@mkulima nakumbuka sana, ukiingia boma na kile kisanduku cha baridi mtu anafungia mlango. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha hayo. Lakini wewe jiulize tu, hii Mwingereza anadunga bibi yake mwenyewe, kila mimba. Huyo naye anajizuia kuzaa?

MamaWatatu_Kakamega
Wacha niongee kama mzazi. Wangu wa pili alishikwa akiwa wiki tano, hata hiyo sindano ya kwanza hakuwa amefika. Dadake mkubwa ndiye alikuwa anakohoa, tukasema ni baridi, tukampa ndimu na asali. Huyu mdogo hakuwa anavuta ile pumzi ya mlio mnayosikia watu wakisema, alikuwa anakohoa mara mbili tatu halafu kimya. Kimya kabisa. Midomo inaenda rangi ya zambarau, unampindua unampiga mgongo, ndio anarudi. Mara ya kwanza nikadhani maziwa yamempalia. Mahali pa kwanza tulipewa sirapu turudi nyumbani, mahali pa pili ndio wakamlaza, oksijeni na azithromycin, na sisi wote wa nyumba tukamezeshwa dawa. Siku 11 nimelala kwa kiti. Hakuna mtu alikuwa ameniambia kuna kitu naeza dungwa mimi.

MamaWawiliNax
Ai pole sana mamii, nimeshikwa na baridi mwilini. @Nesi swali la mwisho, nimesoma ati mama akidungwa, zile za mtoto za wiki 6 hazishiki vizuri?

Nesi_wa_Kondele
Iko ukweli hapo. Antibodi zako zikiwa bado kwa damu yake zinafanya mwili wake uitikie kidogo chini kwa dozi za kwanza, imeonekana maabara. Lakini Uingereza hawakuona hao watoto wakiugua zaidi baada ya kumaliza dozi zao. Maana yake wewe usichelewe 6, usichelewe 10, usichelewe 14, si kwamba uache yako.

Na Td ulishapata haikuzuii. Kama iko ingine ulikuwa umeandikiwa, uliza kama Tdap inaeza chukua nafasi yake. Halafu kama unalalia kushoto vile tunawaambianga, mwambie akudunge kulia.

MamaWawiliNax
Nalalia kushoto 😂 asante, Alhamisi naenda na kitabu.