Wakuu, PID inaambukiza? Nimechanganyikiwa

Mtulivu: Heshima kwenu wakuu. Mchumba wangu ana PID na kanificha, nimejua mwenyewe tu. Inaambukiza? Nikapime? Usingizi sina na harusi ndo hiyo inakaribia.

Sista Nesi: PID ni maambukizi kwenye kizazi, mirija na ovari. Mara nyingi chanzo ni kisonono au klamidia, ila sio kila mara. Mwanaume hapati PID yenyewe ila hao bakteria anaweza kukaa nao bila dalili yoyote, ndo maana wenza hutibiwa wote. Nani kakwambia anayo?

Mama Busara: Kapekua simu huyo, nyie subirini. Wangu alianza hivyo hivyo, akaishia kunihoji hadi salio limeenda wapi.

Fundi Droni: Kwangu PID ndo inashikilia droni isipepesuke hewani. P inaangalia kosa la sasa hivi, I inajumlisha makosa yaliyopita, D inacheki kosa linabadilika kwa kasi gani, ukizidisha P chombo kinatetemeka hadi unakionea huruma.

Kijasho: Mleta uzi weka meseji nzima bana.

Mtulivu: Sijapekua, simu iliwaka mezani nikaona. Kamwandikia jamaa wa kazini: "PID 4127 nimeiua, imefufuka na 4390, leo hatulali." Namba nikajua za kadi za kliniki. Na huyo wa kukesha naye ni nani? Nimeshamwambia tusitishe kila kitu na sirudi nyuma.

Kijasho: Anafanya kazi gani?

Mtulivu: Mambo ya seva huko. Inahusiana nini?

Mzee wa Linux: Nimecheka hadi machozi. Kila programu ikiwa inarun kompyuta inaipa namba, hiyo ndo PID. Ikiganda unaiua kwa namba yake, amri yenyewe inaitwa kill. Sasa kama systemd, ile programu ya Linux inayosimamia programu nyingine, imepangiwa kuiwasha tena, inarudi na namba nyingine. Shemeji alikuwa anapambana na seva.

Mtulivu: Sawa, ila "hatulali" ni wingi mkuu.

Mpishi wa Chai: Chai hii, tena ina tangawizi. Si wewe juzi ulifungua uzi unauliza jinsi ya kuweka Linux kwenye laptop? Leo PID huijui?

Mtulivu: Ile nilimuulizia yeye.

Mpishi wa Chai: Mtu wa seva umuulizie wewe?

Mama Busara: Mwenzenu kalogout.

Fundi Droni: Kabla uzi haujafungwa, mwenye kujua D ya kuanzia kwa droni ndogo anicheki inbox.