Umbo la K13 ya malaria: ColabFold, ESMFold au SWISS-MODEL?

Jeni_Kagera: Wakuu, habari zenu. Nafuatilia protini ya K13 ya kimelea cha malaria, hasa badiliko la R561H (asidi amino ya 561, arginini imekuwa histidini), linalohusishwa na usugu kwa dawa ya artemisinini, lililoripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye huku kwetu Kagera. Nataka kuona linakaa wapi kwenye umbo la protini. Laptopu yangu haina GPU (kadi ya michoro ya kufanyia hesabu nzito) ya maana. Kati ya programu tatu za kutabiri umbo, ColabFold, ESMFold na SWISS-MODEL, nitumie ipi? Na jenomu nzima inavyojikunja ndani ya kiini, naitazamia wapi?

MamaPipeti: Kabla hujatabiri chochote, angalia kilichokwisha pimwa. PDB, hazina ya maumbo ya protini yaliyopimwa, wana 4YY8: propela ya K13, yaani sehemu yake ya mwisho yenye umbo la pangaboi, iliyopatikana kwa eksirei kwenye fuwele. Nafasi ya 561 imo. Fungua kwa ChimeraX, programu ya kutazama maumbo, uichague, utaona imezungukwa na nani. Laptopu yako inatosha kabisa.

nyukliotidi: Naunga mkono, ila 4YY8 haina sehemu ya mwanzo ya mnyororo, na K13 nzima ina asidi amino 726. Nzima ipakue kwenye hazina ya AlphaFold, yenye maumbo yaliyotabiriwa na kompyuta, ni bure. Soma rangi zake: buluu iliyokoza, alama za uhakika zaidi ya 90, iamini. Rangi ya chungwa, chini ya 50, usijenge hoja juu yake. Mara nyingi hapo mnyororo hauna umbo la kudumu.

Kati ya hizo tatu, mimi ni ColabFold, hesabu zake hufanyika kwenye kompyuta za Google, si laptopu yako. ESMFold haitafuti protini ndugu, ndiyo maana ina kasi, lakini familia ya kelch, ambamo K13 imo, ina ndugu tele, mbona uwaache? SWISS-MODEL itakurudisha kwenye fuwele zilezile.

ramani3D: La jenomu ni kazi nyingine, unahitaji data za Hi-C, kipimo cha sehemu zipi za DNA zinagusana ndani ya kiini. Anza na Juicebox au HiGlass, programu za kutazama ramani hizo, zote zinafunguka kwenye kivinjari. Tafuta jeni za var, zinazosaidia kimelea kukwepa kinga ya mwili: zimetawanyika kwenye kromosomu nyingi, lakini kwenye ramani zinagusana.

Jeni_Kagera: Ahsanteni sana. Basi niweke R561H kwenye ColabFold nilinganishe na ya kawaida?

MamaPipeti: Hapana mdogo wangu, hapo ndipo wengi wanapopotea. Utapata maumbo mawili karibu sawa, udhani badiliko halina madhara. Programu inasoma historia ya ndugu wengi, herufi moja inamezwa humo. Tumia FoldX, programu ya kukadiria uimara wa protini, juu ya 4YY8, ikukadirie uimara umepungua kwa kilokalori ngapi kwa moli. Hayo nayo ni makadirio. Usugu wenyewe unapimwa kwa kuweka vimelea hai kwenye artemisinini.