Herufi 好: namna ya kuiandika na mahali pa kuitumia

Karani wa Mbale:
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni karani katika ghala la vigae hapa Mbale, na kwa kuwa wenye mali ni Wachina, maagizo mengi hunifikia kwa ujumbe wa simu. Nimeamua kuanza na herufi 好, isomwayo hǎo, kwa sababu haikosekani katika mazungumzo yao. Nina maswali mawili. Nikiiandika kwa mkono hutanuka hata ikafanana na herufi mbili tofauti, 女 na 子, niibane vipi? Tena, kwa nini 这个是好 haikubaliki kwa maana ya "hiki ni kizuri", ilhali kila neno lililomo ni sahihi?

Bi Mkutubi, Kampala:
Ndugu Karani, hizo ni herufi mbili kweli, ya mwanamke na ya mtoto, ila zikiungana hukaa katika mraba mmoja na kila moja hulazimika kumpisha mwenzake. Mistari yote ni sita, mitatu kila upande, na upande wa kushoto humalizwa kwanza. Mstari wa kwanza wa 女 hushuka kuelekea kushoto, kisha, bila kuinua kalamu, hukunja na kuteremkia kulia. Wa pili huukata ukishukia kushoto. Tatizo lako liko katika wa tatu. 女 ikiwa peke yake, mstari huo hulala na kuenea pande zote mbili, lakini ndani ya 好 hupanda kidogo kuelekea kulia na kukomea hapo, usiingie kwa jirani. Kwa 子, anza na mlalo mfupi unaokunjwa kurudi chini kushoto, fuatisha wima wenye ndoana, umalize kwa mlalo unaoukatiza. Tumia daftari la hesabu lenye mirabamiraba, miraba minne iwe kiwanja cha herufi moja, nawe utaona mara moja upande unaovuka mpaka.

Mwalimu wa Arua:
Swali la pili linatokana na Kiswahili chetu. Kwa kuwa tunasema "hiki ni kizuri", tunatafuta "ni" na kuiweka 是, ilhali katika Kichina kivumishi hujitegemea kama kitenzi. Andika 这个很好. Kamusi hutafsiri 很 kuwa "sana", lakini hapa uzito huo karibu haupo. Ukiliondoa na kusema 这个好 tu, msikilizaji husubiri ulinganisho, kwa mfano 那个不好, yaani kile si kizuri.

Zingatia na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Toni mbili za tatu zikifuatana, kama katika 你好 (nǐ hǎo) na 很好 (hěn hǎo), ya kwanza hutamkwa kama toni ya pili, ile inayopanda, ingawa maandishi ya pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, hayabadiliki. (Walugbara na Waganda wana nafuu hapa, kwani lugha zao zina toni, Kiswahili hakina.) Tena 好 hiyohiyo husomwa hào, kwa toni ya nne, ikimaanisha kupenda: 好学 kwa toni ya tatu ni rahisi kujifunza, kwa ya nne ni mwenye hamu ya kusoma.

Dada wa Kikuubo:
Shikamoo, Mwalimu. Naafiki, ila kwa mtu wa ghalani 是 ina nafasi yake ikifuatwa na 的 mwishoni. Ukitenga vigae vizima na vilivyovunjika, 这个是好的，那个是坏的, yaani hiki ni kizima, kile ni kibovu, ni sentensi kamili, kwa sababu hapo unavigawa mafungu, husifii.

Kwenye simu, andika "hao" kwa herufi za kawaida kisha uchague 好. Kwa 女, isomwayo nǚ, bonyeza "nv", kwa kuwa v hushika nafasi ya ü. Ukipewa agizo, jibu 好的, maana 好 peke yake inaweza kusikika kavu kwa mkubwa wako. 好啊 huonyesha kwamba umeridhia kwa furaha, na 好吧 kwamba umekubali shingo upande, kwa hiyo usimwandikie bosi bila kukusudia. Ikifuata kitenzi, 好 huonyesha kwamba kazi imekamilika: ukiulizwa 装好了吗？, jibu 装好了, yaani mzigo umeshapakiwa.

Karani wa Mbale:
Nashukuruni nyote. Na kama lori halijamaliza kupakiwa, dada?

Dada wa Kikuubo:
Andika 还没装好, bila 了 mwishoni.