Yule bwana leo kaniuliza mbele ya mkubwa: "Umefuta kuki au umeiaga?"

Wakuu, hasira bado ya moto. Jina sitaji, mnamjua. Yule ambaye skripti ya mwenzake ni takataka, yake ni wahyi.

Leo tunamwonyesha mkubwa mfumo. Nabonyeza "Toka". Kuki (kile kijikumbukumbu tovuti inachoacha kwenye brauza ili ikutambue) naifuta, naapa naifuta: jina lilelile, thamani tupu, expires, yaani tarehe ya kuisha, nimeirudisha 1970, wavuti wenyewe haujazaliwa. Nafungua ukurasa wa akaunti. "Karibu tena!" Unanisalimia kwa jina kama shemeji.

Kimya. Halafu yeye, kwa sauti ya mahubiri: "Ndugu, umefuta kuki au umeiaga?"

UMEIAGA! Mbele ya mkubwa! Hata kiyoyozi kilicheka.

Haya, path (sehemu ya tovuti ambako kuki inatumika) sikuandika. Niliiweka nikiwa /akaunti/ingia, brauza ikajipangia /akaunti. Kufuta nikafutia ukurasa wa mwanzo, ikawa /. Kwa brauza hizo ni kuki mbili, kwa hiyo nilikuwa nazika mtu ambaye hajazaliwa huku aliye hai ananitazama. Sawa! Lakini si angeninong'oneza? Skripti hiyohiyo aliipitia wiki iliyopita akaweka dole gumba. Dole liko pale hadi sasa. Umeiaga!

Mabano_Yamepotea: Sasa mkuu, kwani kakosea wapi? Uliiaga. 😂

SevaImelala: Afadhali wewe. Mimi niliandika unset($_COOKIE['kikao']), inayofuta nakala ya kwenye seva tu, nikaenda kulala. Kwenye brauza haikuguswa hata kidogo. Ombi lililofuata hiyo hapo, kama paka uliyemtupa ng'ambo ya mto.

Mleta uzi: Jamani, kasema UMEIAGA.

Bi_Nuktamkato: Path tu ndiyo unalilia? Mimi nimekesha na setcookie (amri ya PHP ya kuweka kuki) inagoma, eti vichwa, zile taarifa zinazotangulia ukurasa, vimeshatumwa. Kumbe nafasi moja tupu kabla ya <?php. Moja! Uzi wangu nilifungua, hakuja mtu.

KimyaKimya: Yangu ilikuwa HttpOnly. Nasoma document.cookie, orodha ya kuki ambazo JavaScript inaziona, tupu. Nikatangaza ushindi, nikapokea na pongezi. Kuki iko ndani inakula raha, JavaScript haiwezi kuiona wala kuifuta.

Mabano_Yamepotea: @KimyaKimya pongezi ulizirudisha?

KimyaKimya: Nilizirudisha 1970.

Mwalimu_wa_Zamu: Kwanza si kuki. Ni kidakuzi.

SevaImelala: Kidakuzi ndiyo nini, ugonjwa wa kuku?

Mleta uzi: Mwenzenu nimedhalilishwa mnaleta habari za kuku??

Bi_Nuktamkato: Pole, Umeiaga. Jina limekukaa.

Mwalimu_wa_Zamu: Ngeli ya KI-VI. Kidakuzi kimefutwa, vidakuzi vimefutwa.

SevaImelala: Vyake havijafutwa.

Mwalimu_wa_Zamu: Basi vimeagwa.