Tupeane uzoefu: riwaya za kihistoria mnazisomaje, na mnazipataje?

Kurasa Mia Sita

Wakuu, uzi huu ni wa wasomaji wa riwaya na tamthilia za enzi zilizopita. Maswali yanayorudi ni yaleyale: nianze na kipi, nitajuaje mwandishi hajachanganya mambo, na mbona madukani hakuna rafu iliyoandikwa "riwaya za kihistoria"? Tafadhali tusijaze kurasa kwa "kitabu kitamu sana, kilinitoa machozi". Anayejua namna ya kufanya, aeleze namna ya kufanya.

Naanza na langu. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, chukua karatasi ya alamisho uandike miaka mitatu: mwaka wa tukio linalosimuliwa, mwaka kitabu kilipoandikwa, na mwaka wa chapa uliyoshika. Miaka miwili ya kwanza ndiyo inayokwambia mwandishi anagombana na nani.

Chukua *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein. Tukio ni vita vya Majimaji, 1905. Tamthilia ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ukiisoma kwa mwaka wa kwanza tu, utaona dawa ya maji na bunduki za Wadachi. Ukiweka na mwaka wa pili, unaona swali jingine kabisa: neno likishamtoka kiongozi likaingia kwa watu, nani tena analimiliki? Hilo ni swali la nchi changa iliyokwisha kupata uhuru. Hussein mwenyewe ameeleza katika utangulizi kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si yule mtu wa historia. Hata majina hayalingani. Wanahistoria huandika Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wanaoruka utangulizi ndio wanaokuja kubishana mitandaoni kwamba maneno ya jukwaani yalisemwa Rufiji.

Mwaka wa tatu unaonekana mdogo, lakini usiudharau. Aniceti Kitereza alimaliza kazi yake kuhusu Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili ilitoka 1980. Maisha yenyewe anayoyasimulia ni ya Ukerewe kabla ya ukoloni. Kwa hiyo unasoma enzi ya mababu, iliyoandikwa na mtu wa 1945, katika Kiswahili kilichochapwa 1980. Ukikuta neno linalokushangaza, jiulize kwanza ni la tabaka lipi kati ya hayo matatu.

Kibaba na Pishi

Naunga mkono, na naongeza kipimo cha fedha. Ni njia ya haraka kuliko zote ya kumkamata mwandishi aliyelala.

Upande wa Tanganyika chini ya Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64 mpaka 1904, kisha ikawa rupia moja kwa heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo mkulima wa pamba wa Matumbi anayelipwa "shilingi mbili" mwaka 1905 amelipwa hela ambazo hazijazaliwa. Na hilo neno "hela" lenyewe limetokana na hiyo heller. Mhusika wa mwaka 1885 akisema "sina hela", mwandishi ameteleza. "Shule" nalo ni la Kijerumani. Mtoto wa Bagamoyo wa 1870 alikwenda chuoni kusoma Kurani, hakwenda shule.

Mizigo pia: frasila ni ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Ukisoma kwamba mtu mmoja alibeba frasila sita kutoka Ujiji mpaka pwani, weka alama pembeni kwa penseli.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu Kibaba, hapo kwenye "hela" na "shule" umekaza kamba mno. Mzee wa Umatumbi mwaka 1905 alizungumza Kimatumbi nyumbani kwake. Mazungumzo yote ya mhusika huyo katika kitabu cha Kiswahili ni tafsiri tangu neno la kwanza. Ukimzuia kusema "hela" utabidi umzuie na mengine mia, na mwisho unapata wahusika wanaozungumza kama wamesimama mbele ya kadhi.

Kanuni yangu: maneno msamehe, vitu usisamehe. Vitu vina tarehe zake:

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Reli ya kati iliondoka Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Riwaya inayompandisha mtu garimoshi Tabora wakati wa Majimaji imekosea kwa miaka saba.

Kabla ya reli ni miguu. Dar es Salaam hadi Tabora kwa njia ya reli ni kilomita 840 hivi, na msafara wenye mizigo, unaosimama kulipa hongo (ushuru wa kupita, si rushwa) kwa kila mtemi, haukuweza kwenda hivyo kwa wiki mbili. Hesabu kwa miezi.

Pepo ndizo zinazowaumbua wengi, hasa waandishi wasio wa pwani. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi na kusi kuanzia Aprili hivi. Jahazi la Maskati linalotia nanga Unguja mwezi wa Julai, limejaa tende na nahodha anashangilia upepo mzuri, limekuja kinyume na upepo. Nahodha mwenyewe hajui, maskini.

Kibaba na Pishi

Mwalimu, nakubali nusu. Mazungumzo nasamehe. Msimulizi anayejifanya shahidi wa enzi ile sisamehe.

Bi Alamisho

Naomba nieleze upande wa kuvipata, maana hapo ndipo watu wanapokwama.

Msitafute kwa jina la utanzu. Dukani na maktabani vitabu hivi vimekaa chini ya "fasihi", "vitabu vya kiada" au tamthilia. Tafuteni kwa tukio: Majimaji, Mapinduzi, biashara ya watumwa, Mau Mau, mgomo wa bandari. Mkimwambia muuza vitabu "nataka riwaya ya mgomo wa makuli Unguja 1948", atakupa *Kuli* ya Adam Shafi papo hapo. Mkimwambia "riwaya ya kihistoria" atawapeleka kwenye vitabu vya historia vya kidato cha tatu.

Njia ya pili ni kufuata mfasiri. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza 1994, na msomaji wa Kiswahili akasubiri mpaka 2022 kuipata kama *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota. Ukipenda namna mfasiri alivyoshika maneno, angalia nini kingine amefasiri. Mara nyingi atakuvusha kwa mwandishi usiyemjua.

Sasa kununua mtumba, maana vingi vya miaka ya 70 na 80 havichapwi tena.

Kwanza, ukurasa wa haki. Tofautisha "toleo" na "chapa". Chapa ya tano ya toleo la kwanza ni maandishi yaleyale. Toleo la pili linaweza kuwa limepunguzwa kwa ajili ya wanafunzi, na kinachokatwa kwanza huwa ni utangulizi na faharasa ya maneno magumu. Kwa kazi kama *Kinjeketile*, nakala isiyo na utangulizi isikuumize kichwa, iache palepale.

Pili, kurasa zinazokosekana. Vitabu hukunjwa mitamboni kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kinachopotea huwa ni fungu zima, au fungu moja limewekwa mara mbili. Tazama mgongo wa kitabu kwa juu uone mafungu yanaanzia wapi, kisha kagua namba za kurasa pale yanapokutana. Dakika mbili zinatosha. Watu hukagua mwanzo na mwisho tu, wakifika katikati wanakuta ukurasa wa 96 unafuatwa na 129.

Tatu, gundi. Fungua katikati polepole. Ukisikia mlio mkavu, mgongo umekauka na karatasi zitaanza kudondoka ukisoma kitandani. Kwa zile nakala za fotokopi zilizobanwa, angalia herufi za upande wa ndani zisiwe zimemezwa na jalada.

Na kwa wa pwani: kitabu chenye ukungu usikianike juani, karatasi itajikunja. Kisimamishe kivulini penye upepo kurasa zikiwa wazi, siku mbili tatu, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Kamwe usikitie kwenye mfuko wa nailoni kikiwa na unyevu. Rafu iache nafasi ya vidole vitatu na ukuta. Mchwa hupanda ukutani.

Msomaji Mpya 07

Swali la mgeni. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi ni riwaya ya kihistoria au siyo? Mwandishi si aliyaona Mapinduzi mwenyewe?

Kurasa Mia Sita

Swali zuri, na jibu linategemea kipimo. Walter Scott alipotoa *Waverley* mwaka 1814, jina lake dogo lilisema ni mambo ya miaka 60 nyuma, na tuzo iliyopewa jina lake bado inatumia miaka hiyo 60. Wengine hukubali 50, au mwandishi awe ameandika kwa utafiti, si kwa kumbukumbu zake. *Kasri* ilitoka 1978, miaka kumi na minne tu baada ya Januari 1964. Kwa vipimo hivyo haimo.

Mimi naona vipimo hivyo vimekatwa kwa nguo ya watu wengine. Unguja ya 1978 ilikuwa mbali sana na Unguja ya 1963, ingawa ni miaka kumi na mitano. Ila tofauti ni ya kweli katika usomaji: kitabu cha aliyeshuhudia unakisoma kama ushahidi wa upande mmoja, na unautafuta upande wa pili. Vivyo hivyo *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela, iliyochapwa London 1934. Inasimulia watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa, miaka ya 1870. Ukitazama mwaka wa kuandikwa na mahali ilipochapwa, unaelewa kwa nini Mwarabu humo hana jema na Mwingereza hana baya. Si sababu ya kuitupa. Isome na penseli.

Shajara

Kuhusu vitabu vinene. Kitereza huwashinda watu karibu na ukurasa wa 80, na sababu ni moja: wanasubiri kisa kiende. Kitabu hakiendi hivyo. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya ugumba, mume anatakiwa kulipa pombe ili amrudishe, na katikati ya hapo unaelezwa pombe ya ndizi inavyotengenezwa hatua kwa hatua, salamu zinavyobadilishana, nani anakaa wapi. Hizo hatua ndizo kitabu chenyewe. Soma kurasa 20 kwa siku, si zaidi, utamaliza kwa mwezi.

Daftari liwe na kurasa tatu tu. Wa kwanza ukoo: chora mti, acha nafasi kubwa upande wa wakwe. Wa pili ramani ya mkono. Wa tatu maneno, pamoja na ukurasa ulipoyakuta, wala usikimbilie kamusi kila neno. Maneno ya vyombo na mila hujieleza yakirudi mara ya tatu.

Kosa kubwa ni kuanza na kitabu cha historia ili "ujiandae". Utakuta unajua mwisho wa kila mtu. Soma kwanza riwaya hadi kurasa 50, ndipo uchukue ya kando. Kwa *Peponi*, ya kando iliyo bora ni *Safari za Wasuaheli*, masimulizi ya wasafiri wenyewe yaliyokusanywa na Carl Velten, 1901. Na maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe. Hapo utaona hongo, vitambaa vya merikani na kaniki, magomvi ya mizigo, kwa mdomo wa waliokuwepo.

Msomaji Mpya 07

Ahsanteni. Lakini *Peponi* hakuna mwaka ulioandikwa! Sasa ule mwaka wa kwanza kwenye alamisho nauandikaje?

Mwalimu wa Zamu

Acha nafasi, uujaze unavyosoma. Reli ipo, basi umeshafika miaka ya 1890. Wajerumani wameshika nchi mpaka bara na wafanyabiashara wanawaogopa, basi Abushiri amekwishanyongwa Pangani, Desemba 1889, na Mkwawa naye pengine hayupo, alikufa Julai 1898. Misafara bado inakwenda kwa miguu lakini faida imekwisha. Kisha ukifika mwisho, tazama askari wanakamata vijana kwa ajili ya nini. Vita vya Tanga vilikuwa Novemba 1914. Andika "karibu 1914" kwa penseli, kisha rudi nyuma ukihesabu umri wa Yusuf, mhusika mkuu, ambaye anaanza akiwa katika mwaka wake wa kumi na mbili.

Kibaba na Pishi

Na kwenye tafsiri yoyote angalia saa. "Two o'clock" mchana ni saa nane. Mfasiri akiandika saa mbili huku wahusika wanatafuta kivuli cha mwembe kwa jua kali, ujue alikuwa amechoka siku hiyo.