Acheni kutuambia "dili limetangazwa, ingieni", mnatuumiza

Wakuu habari za jioni, leo nina hasira naomba mnivumilie.

Kuna grupu la Telegram la hisa za Marekani, jina silitaji, kiingilio kila mwezi unatoa hela. Mwalimu wa humo kila ikitoka habari kwamba kampuni ya media inanunuliwa anatuma voisi ndefu, ingieni mapema, hii ndo ile. Desemba 2025 Netflix walitangaza kuichukua Warner Bros kwa dola 27.75 kwa hisa, mwalimu akasema nunueni Netflix, inaimeza Hollywood. Watu wakaingia, hisa ya Netflix ikaanza kuporomoka. Siku chache mbele Paramount, kampuni nyingine ya filamu, wakaja na dola 30 taslimu, wakawafuata wanahisa moja kwa moja wakaipita bodi, voisi mpya ikatumwa eti "30 ni kubwa kuliko 27.75 mambo yameisha", na zile voisi za mwanzo zimefutwa!!

Sasa mkuu, hata kama ni kusoma haraka haraka. Netflix alikuwa anachukua studio za filamu na HBO Max (ile ya kutazama mtandaoni) tu, zile chaneli za kebo kina CNN zilikuwa zinatengwa kuwa kampuni yake na mwanahisa angebaki na hisa za huko. Paramount yeye alitaka mzigo wote na chaneli ndani. Hizo bei mbili hazikuwa za kununua kitu kimoja, unazilinganishaje kama nyanya za fungu? Mtu analipia ushauri wa hivyo kweli.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni kwamba hiyo hiyo Warner historia yake ipo wazi na kila mara anayelia ni mwanahisa mdogo. Tarehe 10 Januari 2000 AOL, wale wa intaneti ya laini ya simu waliokuwa wanamwaga sidii za bure kila nyumba Marekani, walitangaza kuungana na Time Warner, ndo hiyo Warner ya enzi zile, yenye CNN, HBO, majarida, muziki, filamu. Mapato ya Time Warner yalikuwa makubwa mara kadhaa kuliko ya AOL, lakini wanahisa wa AOL ndo wakapewa 55% ya kampuni mpya. Kisa? Hisa ya AOL ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 70 kwa sababu enzi zile chochote chenye intaneti kilikuwa kinapaa. Malipo yenyewe hayakuwa hela, yalikuwa karatasi, yaani hisa, na Gerald Levin wa Time Warner akakubali bila kuweka kinga yoyote ya bei, AOL ikishuka njiani mnashuka nayo hivyo hivyo.

Na ikashuka kweli. Nasdaq, soko la Marekani lenye hisa nyingi za teknolojia, ilifika kileleni Machi 2000 ikaanza kuanguka, na dili lilikuwa bado linasubiri vibali, likaja kufungwa Januari 2001, mwaka mzima baadaye. Piga hesabu na mimi. Mtu ana hisa 100 za Time Warner, anabadilishiwa kwa moja na nusu, anapata 150 za AOL Time Warner. Siku wanafunga bei ni kama dola 47, ana zaidi ya 7,000. Katikati ya 2002 hisa ipo chini ya dola 10, zile 150 hazifiki hata 1,500. Mwaka huo kampuni ikaandika hasara ya dola bilioni 98.7, sehemu kubwa ikiwa ni kufuta ile thamani ya ziada waliyojiandikia vitabuni siku ya harusi. Juu ya hapo ikaja kujulikana mapato ya matangazo ya AOL yalikuwa yamepambwa, 2005 wakalipa dola milioni 300 kumalizana na SEC, wale wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani. Ted Turner mwenyewe, mwanzilishi wa CNN, alipoteza mabilioni, ila yeye alibaki na mashamba yake, yule mfanyakazi ambaye akiba yake ya uzeeni ilikuwa hisa za kampuni ana nini?

Mtasema hiyo zamani. Haya, AT&T. Hawa ni kampuni ya simu, Oktoba 2016 wakatangaza kuinunua Time Warner kwa dola bilioni 85, serikali ikawashtaki, wakafunga Juni 2018. 2022 wakaitema ikaungane na Discovery, kampuni ya chaneli za TV, wakapunguziwa mzigo wa zaidi ya bilioni 40, wanahisa wao wakagawiwa vipande vya kampuni mpya, na gawio la mwaka likakatwa kutoka dola 2.08 mpaka 1.11 kwa hisa. Kuna watu walikuwa wanaishi kwa hilo gawio jamani.

Hiyo kampuni mpya, Warner Bros. Discovery, hisa yake ikaanza kuuzwa Aprili 2022 kwa dola 24 na kitu. Gawio hakuna. 2024 wakafuta bilioni 9.1 za thamani ya chaneli zao. Bosi David Zaslav, aliyetokea Discovery, malipo yake ya 2021 tu, kabla ya kuungana, yaliandikwa dola milioni 246, mengi yakiwa haki za kununua hisa, na Juni 2025 wanahisa wengi wakapiga kura kukataa malipo ya mabosi, ila ile kura ni ya ushauri tu, bodi hailazimiki kufuata. Kwa hiyo mliposikia 27.75 mkashangilia, aliyeshika tangu siku ya kwanza alikuwa amezidi alipoanzia kwa dola tatu na kitu tu, zaidi ya miaka mitatu na nusu, na sehemu kubwa ya hiyo faida imeshaliwa na mfumuko wa bei.

Mwalimu najua unasoma humu. Kabla hujatuma voisi nyingine sema: dili linalipwa taslimu au kwa hisa, kama ni hisa bei imewekewa kinga gani, deni linabebwa na nani, vibali bado vingapi, na wewe mwenyewe umeingia lini na kwa bei gani. Na zile voisi za Desemba zirudishe, watu wanazo, tutazilinganisha.