Naomba ushauri: kipimo changu kinageuka bluu hata pasipo sukari

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili, natengeneza kipimo cha sukari kwenye mkojo kwa chembe za nano (ndogo mno) za oksidi ya chuma zilizotiwa kobalti kidogo. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2007 kwamba chembe za oksidi ya chuma hufanya kazi kama kimeng'enya cha peroksidesi, na hazihitaji friji. Kwa zahanati zetu za vijijini hilo ni jambo kubwa, ndiyo maana sitaki kukata tamaa.

Kimeng'enya cha glukosi oksidesi kinavunja sukari na kutoa peroksidi ya hidrojeni, kisha chembe zinaitumia kugeuza TMB (kemikali ya kuonyesha rangi) kuwa bluu. Shida ni kwamba kile kishimo cha sahani ya majaribio kisichotiwa sukari wala peroksidi nacho kinaanza kuwa bluu baada ya dakika kumi hivi. Nimeondoa chembe kwa sumaku, maji yaliyobaki yakatoa bluu hafifu.

Je, ni ioni za chuma zinazovuja kwa sababu natumia pH 4 (yaani mchanganyiko wenye tindikali), au ni oksijeni ya hewani? Nikipandisha pH rangi inafifia kila mahali. Aliyewahi kuosha au kufunika chembe hizi zikatulia, alitumia nini? Na vitamini C ya kwenye mkojo, ambayo inafuta bluu, mnaidhibitije?